Kabla kerezo la marehemu halijawekwa kwenye mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nimjibu kijana wa Mbagala ambaye barua yake ilichapishwa wiki mbili zilizopita, na pia nimpinge kwa heshima yule msomaji aliyemjibu wiki iliyofuata. Kijana alieleza kwamba marehemu baba yake, aliyekuwa seremala, amemwachia kerezo la zamani, mashine ya kuzungushia mti na kuuchonga, ambayo mitaani wengi tunaiita lezi, na kwamba linatetema, lina kelele, na mota yake inataka umeme wa njia tatu ambao nyumbani kwao haupo. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshalipima kwa macho na ameahidi kurudi mwisho wa mwezi huu. Kijana akauliza kama aliuze kisha akope fedha za mashine mpya, au alitengeneze. Aliyemjibu alimwambia, bila kumuuliza swali hata moja, kwamba zama za mashine za namna hiyo zimepita na kwamba fundi wa leo anastahili vifaa vya leo.

Mimi ni mkerezaji, na kibanda changu kipo Keko, mahali ambapo kutwa nzima husikii kitu ila misumeno na randa za umeme. Kazi yangu ni miguu ya vitanda na meza, nguzo za ngazi, vinara, mabakuli, na mara moja moja michi ya vinu. Kwa miaka 23 nimefanya makosa yote mawili ambayo kijana huyu anaweza kuyafanya: nimewahi kununua mashine mpya nilipopaswa kuitengeneza ya zamani, na nimewahi kuitengeneza ya zamani nilipopaswa kuachana nayo. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa ni mpenzi wa vitu vya kale anayetetea kutu.

Umri wa kerezo hauniambii chochote. Ninachotaka kujua ni kama kitanda chake, yaani chuma kirefu kinachobeba vingine vyote, kimenyooka, kama chuma cha kichwa, upande unaozungusha mti, hakina ufa, na kama shafti inayozunguka humo haijalika. Hivyo vitatu vikiwa vizima, karibu kila kilichobaki kinanunuliwa au kinatengenezwa hapa hapa mjini, na mwenye mashine ya namna hiyo akiiuza kwa kilo atakuwa ameuza nyumba kwa bei ya mabati. Kimojawapo kikiwa kibovu, basi hata mashine iwe imetoka kiwandani mwaka jana, fedha inayowekwa humo mara nyingi inapotea.

Nianze na kosa la kwanza, kwa kuwa ndilo ambalo mshauri wa wiki iliyopita anamwelekeza kijana alitende. Nilikuwa na kerezo kuukuu la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, lililotoka mnadani wakati karakana fulani ya mafunzo ilipofungwa. Tulilishusha kutoka kwenye Kenta watu saba, kwa kamba na magogo ya kuviringishia, na tangu siku hiyo sijawahi kuliona likihama hata kidole. Beringi zake zilipoanza kulia, niliona haya mbele ya wateja, nikaenda duka moja mjini nikanunua jipya linalong'aa, lenye kitufe cha kuongeza na kupunguza kasi. Tulilibeba watu wawili hadi kwenye guta, na tulikuwa tunaongea njiani. Hilo peke yake lingetosha kunifumbua macho.

Nilikuwa na oda ya nguzo 64 za ngazi, za mninga, kila moja milimita 75 kwa 75 na urefu wa milimita 900. Nilipofunga kipande cha kwanza na kukigusa kwa bobari, ile patasi yenye mdomo wa mviringo, katikati ya mti kulianza kutetemeka, kwa sababu kitanda cha mashine ile kilikuwa mabomba mawili ya bati nene, na kila patasi iliposukuma, mabomba yalijipinda na kurudi. Nguzo ilitoka na vijituta vilivyopangana mwili mzima kama mchanga wa ufukweni maji yanapokupwa. Msasa ulinichukua muda mrefu kuliko kukereza kwenyewe. Halafu mkia, ile sehemu inayoushikilia mti upande wa pili, ukawa unarudi nyuma kidogo kidogo kila nilipokaza, na mwezi wa saba kadi ya umeme inayoendesha kile kitufe cha kasi iliungua. Muuzaji aliniambia kwamba kadi hiyo haitengenezwi, huagizwa nzima kutoka nje, na yeye hajui lini. Nikarudi kwa mzee wangu wa chuma na beringi zake zinazolia, nikamaliza kazi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Changu nilikilipia fedha taslimu.

Kwa haki ya ile mashine ndogo niseme kwamba haikuwa na kosa kwa kazi yake. Kadi ilipopatikana nilimpa binamu yangu, ambaye anakereza vifimbo vya kusukumia chapati na vishikio vya funguo, na amemlea nayo mtoto hadi sekondari. Ameifunga kwa bolti nne kwenye meza ya mkongo yenye unene wa inchi tatu, na chini ya meza ameweka magunia mawili ya mchanga. Kosa lilikuwa langu, la kudhani kwamba upya unaweza kushika nafasi ya uzito. Chuma cha kusubu kina chembe za grafaiti ndani yake zinazomeza mtetemo, jambo ambalo bomba la bati haliwezi, na mti wa mninga wenye urefu wa karibu mita moja ukianza kuzunguka unataka kitu cha kuumezea mtetemo wake.

Sasa namgeukia kijana na mashine yake. Kabla ya kuwaza mkopo, atafute nyundo ndogo na aigonge mashine taratibu sehemu mbalimbali za kichwa na za kitanda. Chuma kizima hutoa mlio safi unaosikika wazi. Chenye ufa hutoa mlio mfupi mfu, kama chungu kilichopasuka. Akitilia shaka sehemu fulani, aisafishe kutu na grisi, aipake mafuta ya taa, asubiri kiasi cha dakika kumi, aifute ikauke kabisa, kisha aipake chokaa nyepesi. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka tena na kuchora mstari juu ya chokaa, mstari mwembamba kama unywele, ambao jicho lisingeuona. Alinifundisha haya mzee aliyenipa kazi, ambaye hakuwa na kifaa chochote cha kupimia zaidi ya rula ya chuma, na hiyo rula aliitumia kwa jambo jingine linalofaa kutajwa.

Mzee alikuwa anaweka ncha moja, kile chuma kilichochongoka kinachoshika mti, kwenye shafti ya kichwa na nyingine kwenye mkia, anausogeza mkia hadi ncha zinakaribia kugusana, kisha anaiweka rula kati yake na kuibana kwa wepesi kabisa. Ncha zikiwa zimekutana sawasawa, rula husimama wima. Zikiwa zimepishana, rula huinama, na upande inakoinamia unakuonyesha ipi iko juu au ipi imekwenda pembeni. Tofauti ndogo haimaanishi mashine imekufa. Mimi niliweka chini ya kichwa cha mashine yangu kipande cha kopo la soda, ambalo bati lake lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na hadi leo kipande hicho kipo. Ila rula ikiinama kwa namna moja mkia ukiwa karibu, na kwa namna nyingine mkia ukiwa mwisho wa kitanda, hapo kitanda chenyewe kimejipinda, na habari inakuwa nyingine.

Baada ya hapo avue mkanda ili shafti iwe huru, ashike sahani, ile duara ya chuma iliyo kwenye shafti ambayo mti hufungiwa, kwa mikono miwili, aisukume na kuivuta, aiinue na kuishusha. Kisha aizungushe kwa mkono huku ameweka ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha mashine na mpini wake kwenye sikio. Beringi nzuri inanong'ona. Mbovu inasikika kama mtu anatembea juu ya changarawe. Na hapa ndipo ninapotaka kumtuliza kijana, kwa sababu kelele, ambayo ndiyo lalamiko lake la kwanza, ndiyo ugonjwa rahisi kuliko yote.

Watu wengi hudhani kwamba kerezo la kiwanda kilichokwisha kufa huko Uingereza halina spea. Beringi haijali kiwanda. Imeandikwa namba ubavuni, na tarakimu mbili za mwisho za namba hizo za kawaida, kuanzia 04, ukizizidisha kwa tano unapata tundu lake kwa milimita: yenye namba 6206 ina tundu la milimita 30, kipenyo cha nje milimita 62 na unene milimita 16, iwe imetengenezwa Ujerumani, Japani au China. Beringi hiyo hiyo imo ndani ya mota za vinu na mashine chungu nzima zilizoko mjini. Baadhi ya mashine za zamani sana zina beringi za vipimo vya inchi, ambazo ni adimu zaidi, na nyingine hazina beringi kabisa bali bushi za shaba. Bushi hizo zikilika, mafundi wa lezi za chuma kule Gerezani watakuchongea nyingine ukiwapelekea shafti wapime.

Ninaloomba ni beringi zisiwekwe kwa hasira. Mara ya kwanza nilipobadilisha zangu nilizipiga nyundo kwenye pete ya nje hadi zikaingia, nikajipongeza, na baada ya mwezi mmoja kelele ikarudi ileile. Nikalaumu duka kwamba wameniuzia beringi feki, nikanunua nyingine, nikazipiga vilevile, zikalia vilevile. Fundi mmoja wa pikipiki, kijana mdogo kiasi cha kuwa mwanangu, ndiye aliyenionyesha kosa: ukipiga pete ya nje wakati pete ya ndani ndiyo inayobana shafti, nguvu yote ya nyundo inapita kwenye gololi, na kila gololi inachimba kishimo kwenye njia yake. Tangu pale natumia kipande cha bomba la maji kinachokaa juu ya pete ya ndani peke yake. Beringi zile za tatu bado zinanong'ona.

Kuhusu umeme, mshauri wa wiki iliyopita alisema mota ya njia tatu ni sababu tosha ya kuitupa mashine. Kwa maoni yangu ni kinyume chake. Siku hizi kuna kifaa ambacho mafundi umeme wanakiita inveta ya mota, kinachouzwa kwa ajili ya pampu na vinu, ambacho kinapokea umeme wa kawaida wa nyumbani wa njia moja na kutoa njia tatu, na zaidi ya hapo kinakuwezesha kubadili kasi ya mota kwa kuzungusha kitufe. Ile starehe ya mashine mpya iliyonifanya nitoe fedha zangu inaweza kufungwa kwenye mashine ya mwaka wowote.

Ila lazima kijana asome kwanza kibao cha mota. Kikionyesha volti 220 hadi 240 kwa alama ya pembetatu na 380 hadi 415 kwa alama ya nyota, mota hiyo inafaa, kwa sababu inveta inayolishwa volti 230 haiwezi kutoa zaidi ya hizo, na fundi atahamisha vibati vya ndani kutoka nyota kwenda pembetatu. Kikionyesha 380 hadi 415 tu, fundi wa kusuka mota itabidi afungue koili atafute mahali nyaya zilipounganishwa na kuzitoa nje, na kama bei yake ni kubwa, ni afadhali kununua mota ya njia moja ya nguvu farasi moja, yaani wati 746, na kubaki na puli zake. Kati ya inveta na mota isiwekwe swichi ya kuwashia na kuzimia. Kazi hiyo ifanywe na inveta yenyewe, la sivyo itaungua. Nayo ifungwe kwenye sanduku lililo mbali na maranda, maana vumbi la mbao likijaa humo joto halitoki.

Pia asije akatupa puli za ngazi, zile za vipenyo tofauti ambazo mkanda huhamishwa ili kubadili kasi, kwa kudhani inveta imechukua kazi yake. Kerezo langu kasi yake ya chini ilikuwa mizunguko 700 kwa dakika, na kwa inveta nikiishusha kutoka hezi 50, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, hadi 25 napata 350. Lakini mota inayozunguka nusu ya kasi yake, feni yake nayo inazunguka nusu, na nguvu inayotoa inakuwa karibu nusu, kwa hiyo ukiikalisha hapo mchana kutwa na gogo zito itachemka. Kazi nzito ifanywe kwa puli, na inveta ibaki kurekebisha juu kidogo au chini kidogo.

Naikazania kasi kwa sababu wapo wanaoiona kama anasa. Wakerezaji wa nchi nyingi hutumia kanuni moja: kipenyo cha mti kwa inchi, ukizidisha na mizunguko kwa dakika, kiwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12 basi linataka mizunguko 500 hadi 750, na likiwa bado gogo lisilosawazishwa, chini ya hapo. Mtu akilifunga bakuli hilo kwenye mashine ambayo mkanda wake umebaki kwenye mizunguko 1,500, ukingo wa mti unapita mbele ya tumbo lake kwa kilomita 86 kwa saa, ambao ni mwendo wa basi la mikoani likiwa barabara kuu. Mpingo wenyewe huzama majini kwa uzito. Fikiria kipande chake kikitoka kwenye sahani kwa mwendo huo.

Na swichi. Kama kuna kitu kimoja ambacho kijana asikifanyie ubahili, ni swichi yenye sumaku, ambayo umeme ukikatika inaachia na umeme ukirudi haiwaki hadi mtu abonyeze. Mashine za zamani nyingi zina swichi ya kupandisha na kushusha tu. Umeme ukirudi ghafla wakati umeinama kufunga mti, shafti inaondoka na mkono wako.

Yapo mambo mawili madogo yanayowakwaza wanaotaka kufungia vifaa vya kisasa kwenye kichwa cha zamani. La kwanza ni uzi wa shafti. Chaki za meno manne, zinazoshika bakuli bila skrubu, nyingi zinauzwa kwa uzi wa inchi 1 wenye meno 8 kwa inchi, au wa milimita 33. Mashine nyingi za zamani za Kiingereza zina nyuzi zake zenyewe, hivyo asinunue chaki kabla ya kupima, na kama hazilingani, fundi wa lezi ya chuma atamchongea kiunganishi. La pili ni tundu la mchongoko la Morse, lile ambamo ncha huingizwa ikabana, ambalo lina namba: mdomo wa namba 1 ni kama milimita 12, wa namba 2 karibu 18, wa namba 3 karibu 24. Ncha mpya inayozunguka kwenye mkia, badala ya ile ya kale isiyozunguka inayounguza mti na kudai grisi, ni kifaa cha bei ndogo kinachobadilisha kazi ya siku nzima, ila iwe ya namba inayoingia.

Wanaoletewa mashine na ndugu walioko Marekani nao wajue kwamba kule umeme ni volti 120 na hezi 60. Mota hiyo ikichomekwa moja kwa moja hapa inaungua, na hata ikipewa transfoma itazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake. Mwili wa mashine ukiwa mzuri, mota ibadilishwe.

Nafika kwenye kosa langu la pili, ambalo silipendi kulisimulia. Niliwahi kuuziwa kerezo lenye ufa kwenye kichwa, chini kidogo ya kiti cha beringi. Niliuona. Nikalipeleka likachomelewe kwa ufito wa kawaida, nikabadilisha beringi, nikapaka rangi, nikanunua mkanda mpya. Chuma cha kusubu hakichomelewi hivyo. Kinataka kupashwa moto kwanza, ufito wenye nikeli, na kupozwa polepole, na hata kikifanyiwa yote hayo sehemu inayobeba shafti mimi siiamini tena. Ufa ulirudi ubavuni mwa ule wa kwanza wakati mwanafunzi wangu anakereza bakuli la mfenesi. Nusu ya bakuli ilipanda juu ikavunja taa ya mche iliyokuwa juu ya kichwa chake. Kijana hakuumia, ila vipande vya kioo tulivichagua nyweleni mwake hadi jioni. Mashine hiyo niliiuza kwa kilo, na niliyemuuzia nilimwonyesha ufa.

Kwa hiyo nami nakubali kwamba zipo mashine za kuuzwa. Yenye ufa kichwani au kitanda kilichojipinda iuzwe. Shafti iliyolika pale beringi inapokaa inaweza kujazwa na kuchongwa upya, lakini kwa gharama inayotaka kufikiriwa mara mbili. Na kuna sababu moja ambayo haina uhusiano na uzima: urefu. Kama kerezo la marehemu lina inchi 30 kati ya ncha na ncha, na kijana anataka kuishi kwa nguzo za ngazi za inchi 36, hakuna beringi wala inveta itakayourefusha mti ndani yake, na hapo ni afadhali abadilishane na mtu wa mabakuli.

Nigusie patasi kwa haraka, ingawa zingestahili barua yake. Nusu ya mashine ninazoletewa nizikague kwa sababu "zinatetema" hazina ubaya wowote. Patasi ndiyo butu. Zile za chuma cha zamani zikigeuka buluu kwenye jiwe la kunolea zimepoteza ugumu na hazikai makali tena, wakati za chuma cha kasi, kile cha biti za drili, huvumilia joto hilo. Patasi tatu nzuri na jiwe jeupe laini zinaweza kuwa ndiyo mashine mpya aliyokuwa anaitafuta.

Lililobaki linawahusu wakopeshaji, na ndilo hasa lililonifanya niandike gazetini badala ya kumtafuta kijana nikamweleza ana kwa ana. Kikundi kimoja cha vijana jirani zangu kiliomba mkopo wa kufufua makerezo mawili ya chuma cha kusubu. Waliandaa orodha safi: beringi, mikanda, inveta mbili, swichi, ujira wa fundi. Mkopeshaji, ambaye sitamtaja, aliwaambia walete proforma, yaani hati ya bei kutoka dukani, ya mashine mpya, kwa sababu fomu yake haina mahali pa kuandika matengenezo, na kwa sababu mashine ya zamani hawezi kuichukua kama dhamana. Jumla ya orodha yao haikufika theluthi moja ya fedha walizopewa hatimaye. Walinunua mashine tatu nyepesi. Mbili zimefunikwa magunia sasa hivi ninavyoandika, na marejesho yanaendelea.

Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Naomba wanaosimamia fedha hizo, na wakopeshaji wengine wote, waweke kwenye fomu zao mstari mmoja wa matengenezo, na waambatanishe na ukaguzi wa fundi anayejitegemea ambaye hauzi mashine. SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 imewekwa kwa ajili ya viwanda vidogo, inaweza kuwa ndiyo mkaguzi huyo. Nao wanafunzi wa VETA pale Chang'ombe wangepata somo zuri zaidi kwa kulifungua kerezo bovu na kulirudisha likiwa zima kuliko kwa kuchora kerezo ubaoni.

Kijana wangu wa Mbagala, ukaguzi niliokueleza ni kazi ya asubuhi moja na mafuta ya taa nusu kikombe. Ukikuta ufa, muuzie mwenye mizani bila kujilaumu, ila kwanza vua mota, puli, sahani na ncha zote, kwa kuwa kwake hivyo vyote ni chuma tu na huku Keko kuna watu wanavitafuta. Patasi za marehemu usizitie kwenye hesabu hiyo. Usipokuta ufa, mwambie arudi na mizani yake alikotoka, kisha unakili namba zilizo kwenye beringi na maandishi ya kibao cha mota, uje nayo kwenye karatasi; ukifika Keko ukauliza kwa mkerezaji mwenye kerezo lililofungiwa kopo la soda, utaonyeshwa.

Mkerezaji,
Keko, Dar es Salaam